Nguzo Iliyoketi: Sanamu Nne za Wangechi Mutu Mbele ya Makumbusho ya Metropolitan

Tarehe 9 Septemba 2019, Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalizindua sanamu nne za bronzi katika mashubaka, yaani nafasi za ukutani za kuwekea sanamu, ya upande wake wa mbele, unaotazama barabara ya Fifth Avenue. Mashubaka hayo yalikuwa matupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipofunguliwa Desemba 1902. Aliyepewa kazi ya kuyajaza, akiwa msanii wa kwanza katika mpango mpya wa makumbusho hayo, ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na anayefanya kazi kati ya Nairobi na Brooklyn. Kazi nzima aliipa jina The NewOnes, will free Us, yaani Wapya hao, watatukomboa. Sanamu zenyewe zinaitwa The Seated I hadi The Seated IV: Walioketi, wa kwanza mpaka wa nne.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu dhana mgando kinayoishughulikia ni ngumu kuliko nyingi. Dhana kwamba mwanamke ni dhaifu haisumbui sana kuipinga: mchore akinyanyua chuma, kazi imekwisha. Kuna nyingine inayokuja imevaa nguo za sifa. Kwamba mwanamke ni mstahimilivu, kwamba hachoki, kwamba ndiye nguzo ya nyumba. Maneno hayo husemwa harusini, msibani na kwenye hotuba za Machi 8, na anayesifiwa hutarajiwa kushukuru na kurudi jikoni. Nani ataikataa sifa mbele za watu? Mutu aliikataa kwa njia ya ujenzi. Alimchukua mwanamke aliyefanywa nguzo, akamtoa chini ya dari, akamketisha.

Jengo lililoishiwa fedha

Uso huo wa jengo ulisanifiwa na Richard Morris Hunt, aliyefariki mwaka 1895 kabla kazi haijakamilika. Mwanawe, Richard Howland Hunt, ndiye aliyeimalizia. Mpango wa awali ulikuwa na michongo mingi kuliko inayoonekana leo. Juu ya jozi za nguzo kubwa bado kuna marundo ya mawe ya chokaa yaliyopangwa kama piramidi ndogo. Yalikuwa yakisubiri wachongaji, fedha zikaisha, yakaachwa vivyo hivyo. Mashubaka nayo yalikusudiwa kutiwa sanamu, na kwa miaka 117 hayakutiwa kitu.

Shubaka si uwanja. Sanamu ya uwanjani watu huizunguka, lakini ya shubakani hutazamwa kutoka mbele na kutoka chini, na mtazamaji hana budi kuinua uso. Katika usanifu wa Ulaya hapo ni mahali pa mtakatifu, mfalme au mwanafalsafa, yaani mtu ambaye cheo chake hakijadiliwi tena. (Aliyeingia nyumba za mawe za Lamu anazijua zidaka za ukutani kule ndani, upande wa wanawake, ambamo vyombo vya kauri vilipangwa ili vionekane. Kinachowekwa kidakani ni cha thamani.) Kwa hiyo kabla Mutu hajagusa udongo, mahali penyewe palikuwa pamekwisha kumpa nusu ya hoja: lilikuwepo jukwaa la heshima ambalo halijawahi kukaliwa, katika jengo ambalo ndani yake limejaa miili ya wanawake iliyochongwa na kuchorwa na wanaume.

Nusu ya pili ilihitaji uamuzi. Nani aketi pale, na kwa mkao gani?

Historia ya wanawake waliobeba

Mutu alianzia kwenye kariatidi, sanamu ya mwanamke inayosimama badala ya nguzo. Zinazojulikana zaidi ni sita za hekalu la Erechtheion mjini Athens, za mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Paa limekaa juu ya vichwa vyao, mikunjo ya mavazi yao inashuka wima kama mifereji ya nguzo, na nyuso zao zimetulia kana kwamba hakuna uzito wowote. Moja iko London katika Makumbusho ya Uingereza, tano zimo katika Makumbusho ya Acropolis, na zilizoko hekaluni leo ni nakala. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, alieleza asili ya jina: wanawake wa mji wa Karyai walitiwa utumwani kwa sababu watu wao waliungana na Waajemi, na wasanifu wakawaweka chini ya mizigo ya mawe ili adhabu yao isisahaulike. Wanahistoria wana mashaka na simulizi hilo. Hata hivyo linaonyesha kwamba tayari karne ya 1 kabla ya Kristo msomi mmoja alimtazama mwanamke-nguzo akaona adhabu iliyofanywa pambo.

Afrika nayo ina wabebaji wake, na hapa wachambuzi wengi hupita haraka mno. Ndani ya makumbusho hayohayo kuna kiti cha heshima kutoka mashariki ya Kongo, kilichochongwa karne ya 19, chenye urefu wa kama sentimita 60. Anayekishikilia ni mwanamke. Bao la kukalia liko juu ya kichwa chake na ncha za vidole vyake. Kinahusishwa na fundi anayeitwa Bwana wa Buli, ambaye huenda ndiye Ngongo ya Chintu, na makumbusho yalikinunua mwaka 1979. Kwa Waluba, watu wa Katanga huko Kongo kilikotoka kiti hicho, mwanamke wa namna hiyo hakuwa mtumwa wa mzigo. Mwili wa kike ndio uliohesabiwa kuwa na nguvu ya kuhifadhi roho ya mfalme; mfalme akifariki, roho yake ilikaa kwa mwanamke aliyeitwa mwadi, naye alipewa heshima ya kifalme. Chale za tumboni na nywele zilizosukwa kwa ustadi kwenye viti hivyo ni alama za hadhi.

Kuna kishawishi cha kumalizia hapo: Wagiriki walimfanya mwanamke mtumwa, Waafrika walimtukuza, hadithi imekwisha. Hoja hiyo ni nyepesi. Kiti cha Kiluba kinamtukuza mwanamke kweli, lakini anayekalia ni mtu mwingine. Utukufu wake unapimwa kwa uzito anaouhifadhi kwa niaba ya mwenye kiti. Tofauti ya maana ipo, ila kimuundo kazi ni ileile, na ni huo muundo ambao sanamu za Mutu zinaubomoa, bila kubagua umetoka Athens au Katanga.

Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin alikuwa ameshaligusa jambo hili katika miaka ya 1880, katika sanamu yake ya kariatidi aliyeanguka akiwa bado na jiwe lake. Mwanamke amekunjika chini, amelemewa, jiwe liko begani. Huruma imo tele. Lakini jiwe hajatuliwa, na mateso yamegeuzwa uzuri wa kutazamwa. Huko ndiko kazi nyingi zenye nia njema zinakozama mpaka leo: zinaonyesha mzigo kwa ustadi mkubwa kiasi cha kuufanya upendeze.

Alikotoka Mutu mwenyewe

Kabla ya bronzi, Mutu alijulikana kwa kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi na picha nyingine. Katika mfululizo wa kolaji 12 wa miaka ya 2004 hadi 2006 alitumia kurasa za michoro ya zamani ya kitabibu kuhusu uvimbe wa mfuko wa uzazi, akabandika juu yake vipande vya magazeti ya mitindo na picha nyingine mpaka zikawa nyuso. Mwaka 2014 alifanya maonesho London kwa jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, na mwaka 2017 akatengeneza Water Woman, nguva wa bronzi aliyeketi, wa rangi nyeusi, anayetokana na masimulizi ya pwani yetu. Mkao wa 2019, basi, haukuzuka ghafla.

Kiungo muhimu zaidi ni video yake ya mwaka 2015, The End of carrying All, iliyoonyeshwa kwenye Biennale ya Venice, maonesho makubwa ya kimataifa ya sanaa. Mutu mwenyewe anaigiza mwanamke anayetembea nyikani na kikapu kichwani. Kila baada ya hatua kadhaa kikapu kinaongezeka vitu, mgongo unapinda, mwendo unakuwa mzito, na mwishowe mwanamke na mzigo wanakuwa donge moja linalomezwa na ardhi. Ukiitazama video hiyo kisha ukazitazama sanamu, utaona swali lilivyosogea. Mwaka 2015 swali lilikuwa: akizidi kubeba, itakuwaje? Mwaka 2019 likawa: asipobeba chochote, anakuwa nani?

Kinachofanyika ndani ya umbo

Kila sanamu ina kimo cha takribani mita 2 ikiwa imeketi. Maana yake ni kwamba huyu mwanamke akisimama angemzidi mtu wa kawaida kwa mbali, na mtazamaji aliye kwenye ngazi anauhisi ukubwa huo hata bila kuukokotoa. Kichwa kiko wazi, na kati yake na kilele cha shubaka kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Kama sanamu ingejaza shubaka mpaka juu, jicho lingeunganisha kichwa na jiwe na kariatidi angerudi kazini. Kwa kumketisha na kumwachia hewa juu yake, Mutu alikata mstari wa uzito. Nguzo halisi za jengo zimesimama pembeni, zinabeba paa lao wenyewe.

Vazi ni mizunguko iliyopangana kama kamba nene au shanga, inayokumbatia mwili kuanzia shingoni na kushuka. Linakumbusha mikufu na mavazi ya shanga ya wanawake wenye hadhi katika jamii kadhaa za Afrika, na pia linafanana na deraya. Kazi yake nyingine ni kuzuia macho. Mwili wa kike umo, umbo lake linaonekana, lakini hakuna ngozi iliyotolewa ili itazamwe. Katika jumba lenye mamia ya wanawake wasio na nguo, huo ni uamuzi mkubwa.

Halafu kuna visahani. Kila mmoja ana kisahani cha mviringo kilichong'arishwa kama kioo: kwa mmoja kipo kinywani, kwa mwingine machoni, kwa wengine kwenye paji la uso au nyuma ya kichwa. Uso wa jengo unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi hugonga visahani na kurudisha mwanga barabarani. Anayekuja kutazama anarushiwa mwanga usoni. Kwa jioni, uso wote ukiwa kivulini, athari hiyo hupungua sana na kinachobaki ni umbo. Picha nyingi zilizosambaa mitandaoni zilipigwa mwanga ukiwa mzuri, zikawapa walioziona kwa simu tu matarajio ambayo mtembeleaji wa alasiri hakuyapata.

Bronzi, na kwa nini si kazi ya kubahatisha

Wanafunzi wa sanaa huuliza kila mara kwa nini mtu mwenye ujumbe mpya atumie madini ya majemadari. Jibu moja ni la kisiasa: bronzi ndiyo lugha ambayo miji hutumia kusema nani asisahauliwe, na anayenyimwa lugha hiyo ana haki ya kuidai. Jibu la pili ni la kiufundi, na linaeleza umbo zaidi.

Sanamu ya ukubwa huu kwa kawaida huanza kwa udongo au povu lililochongwa. Juu yake hutengenezwa kalibu ya mpira wa silikoni yenye ganda gumu nje. Ndani ya kalibu hupakwa nta yenye unene wa kama milimita 5 au 6, kwa sababu sanamu huwa na uwazi ndani. Bronzi nzito isiyo na uwazi ingepasuka inapopoa, na isingebebeka. Nta hukatwa vipande, huwekewa mifereji ya kumiminia na ya kutolea hewa, hutiwa mara kadhaa kwenye uji wa seramiki na mchanga, kisha huchomwa ili nta itoke na ganda likauke. Bronzi humiminwa ikiwa na joto la kati ya nyuzi 1,100 na 1,200 za Selsiasi. Ikipoa husinyaa kwa asilimia 1.5 hadi 2. Vipande huunganishwa kwa kuchomelewa, maungio yakasuguliwa, na mwisho rangi huwekwa kwa moto na kemikali, kisha nta ya kulinda.

Sasa tazama matatizo ambayo kazi hii ilijitakia. Mizunguko ya vazi ni mistari sambamba. Kipande kimoja kikisinyaa tofauti na jirani yake kwa milimita 3 tu, mstari unakatika na kila mtu ataona. Kwenye uso laini fundi anaweza kusawazisha ungio kwa kusugua, lakini kwenye mistari lazima achonge upya kila kamba kwa tindo, moja moja. Visahani vina shida iliyo kinyume. Ili kiwe kioo, chuma husuguliwa kwa msasa unaozidi kuwa laini, kuanzia kama namba 120 kupita 400, 800 hadi 1,500, kisha kwa gurudumu la kitambaa na dawa. Kila kiputo cha gesi kilichobaki ndani ya bronzi hujitokeza hapo kama tundu, na tundu likizibwa kwa kuchomelea huacha doa la rangi nyingine. Na nje, penye mvua na moshi wa magari, kioo cha bronzi hufifia baada ya muda mfupi kisipopakwa vanishi au nta na kuhudumiwa mara kwa mara. Mwili mweusi wenye patina, yaani ile rangi ya moto na kemikali, husamehe uchafu, ila kisahani hakisamehe.

Zaidi ya hayo, sura ya nje ya jengo hilo inalindwa na sheria ya hifadhi ya jiji tangu 1967. Jiwe la namna hiyo halitobolewi ovyo, kwa hiyo sanamu ya kuondoka baadaye lazima isimame kwa uzito na kitako chake yenyewe. Mkao wa kuketi, wenye kitako kipana na kitovu cha uzito kilicho chini, unasaidia hapo. Siasa na fizikia zilikubaliana.

Ndonya, na hatari iliyokwepwa kwa unywele

Kisahani kilicho kinywani ndicho kilichobeba hatari kubwa. Msomaji wa kusini mwa Tanzania atafikiria mara moja ndonya ya wanawake wa Kimakonde, iliyovaliwa kwenye mdomo wa juu. Ethiopia wapo Wamursi na Wasuri wenye sahani kwenye mdomo wa chini. Kwa wavaaji ilikuwa alama ya utu uzima na heshima. New York ina kumbukumbu nyingine kabisa. Mwaka 1930 sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey iliwaleta Marekani wanawake wenye sahani za midomo kutoka Afrika ya Ikweta ya Kifaransa na kuwatangaza kwa jina la Ubangi, lililochaguliwa kwa sababu lilisikika vizuri kwenye matangazo. Watu walilipa kiingilio wakawatazame.

Ukiweka mwanamke mweusi mwenye sahani mdomoni mbele ya jengo kubwa la New York, basi, unaweza kuirudisha sarakasi bila kutaka. Nia njema haimzuii mtazamaji kuona kile alichozoea kuona. Mutu aliishughulikia hatari hiyo kwa mambo matatu yanayoonekana kwenye kazi yenyewe. Kwanza, alikihamisha kisahani. Kikiwa kinywani pekee ni taarifa ya kabila. Kikihamia machoni, kwenye paji na kisogoni, kinaacha kuwa kielelezo cha watu fulani na kuwa kifaa cha sanamu hizi, karibu na duara la nuru wanalochorewa watakatifu. Pili, kwa kuking'arisha alikifanya kirudishe mtazamo: anayetazama hapati kuona mdomo uliovutwa, anaona mwanga na taswira yake iliyopinda. Tatu, hakuiga jamii moja. Vazi, kichwa kirefu na vidole virefu havitoki mahali pamoja, na hakuna anayeweza kusema hawa ni watu wa kijiji fulani na kuwaorodhesha.

Je, ilitosha? Kwa sehemu. Kuchanganya alama za jamii nyingi kuwa Afrika moja ni tabia ambayo sisi wenyewe huilaumu inapofanywa na wageni. Mmakonde anaweza kuuliza kwa haki kwa nini kitu chenye jina, umri wa kuvaliwa na taratibu zake kigeuzwe kuwa duara tu. Swali hilo halifutiki kwa sababu aliyelisababisha ni Mkenya.

Nje ni bure, ndani je?

Mwaka 1989 kikundi cha wasanii wa kike wanaovaa vinyago vya sokwe, Guerrilla Girls, kilihesabu kazi zilizotundikwa katika makumbusho hayohayo. Katika sehemu za sanaa ya kisasa, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wasanii, lakini asilimia 85 ya picha na sanamu za watu walio uchi zilikuwa za wanawake. Bango lao liliuliza kama mwanamke ni lazima avue nguo ndipo aingie humo. Shirika lililokuwa limewaagiza bango hilo lililikataa, wakalipia nafasi kwenye mabasi ya jiji, na kampuni ya mabasi nayo ikasitisha mkataba. Walipohesabu tena mwaka 2012 walipata chini ya asilimia 4, na asilimia 76.

Mbinu yao inafaa kuigwa popote, mradi masharti yatajwe: ni kumbi zipi, tarehe gani, kilichotundikwa au kilichomo ghalani, na kazi yenye miili mingi inahesabiwaje. Hesabu isiyo na masharti hayo hupingwa kwa dakika moja.

Kwa kisa chetu, takwimu hizo zinaonyesha upande ambao sanamu nne haziwezi kuugusa. Uso wa jengo unaonekana na kila mpita njia bila tiketi, na hilo ni jambo kubwa: dereva wa teksi na mlezi anayesukuma kigari cha mtoto waliziona sawasawa na mkusanyaji wa sanaa. Lakini makumbusho yanaweza kubadilisha sura ya mlango na kuacha ghala lilivyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda. Ilipangwa kuondolewa Januari 2020, ikaongezewa muda, makumbusho yakafungwa kwa janga la korona kuanzia Machi 13 hadi Agosti 29 mwaka huo, na maonesho yakaisha Novemba 1. Katika miezi ile jengo likiwa limefungwa, wale wanawake wanne ndio kazi za sanaa ambazo mtu aliweza kuendelea kuziona pale.

Mwaka huohuo, Agosti 26, 2020, katika bustani ya Central Park ambayo makumbusho yamo ndani yake, ilizinduliwa sanamu ya kwanza ya wanawake halisi wa kihistoria: Sojourner Truth, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, watetezi wa haki za wanawake wa Marekani, wakiwa mezani. Truth aliongezwa baada ya mpango wa awali wa wanawake wawili weupe kulaumiwa. Hiyo ndiyo njia ya pili ya kupinga dhana mgando: kujaza pengo kwa majina. Ina faida ya wazi, maana mtoto anaweza kusoma jina na kwenda kutafuta. Udhaifu wake ni kwamba inakopa umbo lilelile la mashujaa wa kiume, na hoja huhamia kwenye nani astahili na nani aachwe. Njia ya Mutu haina majina, hivyo haina ugomvi huo, lakini pia haimfundishi mtu historia ya mwanamke yeyote. Bila maelezo, mpita njia angeweza kudhani ni viumbe wa filamu za anga.

Lawama nzito zaidi iko kwenye jina. Wapya hao watatukomboa. Wametuliwa paa la jiwe, kisha wamepewa kazi ya kutuokoa. Mwanamke mweusi aliyekaa akisubiri kuukomboa ulimwengu ana mzigo usioonekana, na huenda ni mzito kuliko ule wa Erechtheion. Inawezekana Mutu aliliona hilo na kuliacha makusudi. Umbo halilazimishi tafsiri hiyo, jina ndilo linaloivuta. Kwa macho yetu sanamu ni kali kuliko jina lake.

Swali lilelile likipelekwa Mwenge

Pale Mwenge Vinyago, Dar es Salaam, mwanamke wa mpingo ana mkao mmoja unaorudiwa kwenye kila kibanda: amesimama, mtungi kichwani, mtoto mgongoni. Ni rahisi kumlaumu mchongaji kwa mawazo ya kizamani au mtalii kwa kutaka ukumbusho. Kabla ya hapo inafaa kuutazama mti. Gogo la mpingo kwa kawaida ni jembamba, mara nyingi limepinda, lina ngozi nyeupe ya kutupwa pembeni na mara nyingine ufa katikati. Moyo mweusi unaobaki hutoa umbo refu na jembamba. Mwanamke aliyesimama wima na mtungi kichwani anaingia ndani ya gogo hilo bila kupoteza mbao, wakati mwanamke aliyeketi, magoti mbele na viwiko pembeni, anahitaji upana ambao mpingo hauna. Ili aenee, inabidi awe mdogo sana, na sehemu kubwa ya gogo iishie kuwa vumbi na vipande vya kutengenezea hereni. Dhana mgando wakati mwingine imo katika kipenyo cha malighafi.

Mchongo wa ujamaa ulitoka kwenye gogo lilelile kwa njia nyingine: watu wengi, wake kwa waume, wamepandana kwa duara, na aliye juu wa mmoja ni aliye chini wa mwingine, hivyo uzito haumwangukii mtu mmoja. Anayetaka mwanamke aliyeketi kwa kimo cha kuonekana ana njia mbili. Anaweza kuunganisha vipande vya mpingo kwa vigingi na gundi, jambo ambalo wanunuzi wengi hulihesabu kuwa kasoro na mafundi kulificha. Au anaweza kuagiza mti wenye kipenyo kikubwa, kama mninga au mkongo, akubali rangi ya kahawia badala ya nyeusi, na aweke kwenye makubaliano ya bei siku za kukausha mbao, maana kipande kipana kilichochongwa kibichi hupasuka kifuani kabla hakijafika dukani.